Aliyetangulia na Aliyefuata: Mtoto wa Mhamiaji na Ubaguzi Shuleni

Habari ya mtoto wa mhamiaji anayebaguliwa shuleni huzungumzwa mara nyingi kama suala la malezi, la nidhamu au la sera ya elimu, na ni nadra kuulizwa kama swali la dini na falsafa ya maadili, yaani swali la msingi anaousimamia mtoto huyo anapodai kuketi darasani sawasawa na mwenzake aliyezaliwa mtaa uleule. Mhamiaji hapa ni mtu yeyote aliyetoka nchi moja akaenda kuishi nyingine, awe amefukuzwa na vita, njaa au umaskini, ama amefuata kazi. Na mtoto wa mhamiaji ni yule aliyebebwa katika safari hiyo au aliyezaliwa baada ya safari kwisha, ambaye kwa vyovyote hakuulizwa maoni yake. Ubaguzi nao, kwa maana itakayotumika humu, si chuki ya wazi peke yake, bali ni hukumu inayotangulia ushahidi: mtoto anakuwa amekwisha kupimwa kwa jina lake, rangi yake, lafudhi yake au mtandio wake kabla hajafungua daftari. Jibu ambalo jamii nyingi zenye dini na adabu hulitoa ni kwamba mtoto huyo apokewe vyema. Jibu hilo lina uzuri wake, lakini halitoshi, na wakati mwingine ndilo linalomtia mtoto katika deni lisilolipika.

Afrika Mashariki haina upungufu wa mafundisho ya ukarimu. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na husema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii ya pili imezoeleka kueleweka kama onyo kwa mgeni asiyejua kuondoka, ingawa yaweza kusomwa kwa namna ya heshima zaidi: anayepewa jembe hupewa pia sehemu ya shamba, na kuanzia hapo anahesabiwa miongoni mwa wakulima. Shida ya mtoto wa mhamiaji ni kwamba hakuna anayejua yuko siku ya ngapi. Wanubi wa Kenya, ambao wazee wao waliletwa kutoka Sudan kama askari wa Waingereza zaidi ya karne moja iliyopita, waliendelea kuhesabiwa wageni hata katika kizazi cha wajukuu na vitukuu, hadi Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilipoamua mwezi Machi 2011 kwamba watoto wao walinyimwa isivyo haki usajili na uraia, na kwamba walibaguliwa. Kwa watoto hao siku ya tatu ilichukua miaka mia moja.

Lipo jambo la ndani zaidi ambalo watetezi wa ukarimu hawalizingatii vya kutosha. Adabu ya ugeni inamtaka mgeni ale alichowekewa, asimsahihishe mwenyeji, asishindane naye, wala asionekane kumpita nyumbani kwake. Shule, kwa asili ya kazi yake, humtaka mtoto afanye kinyume cha hayo yote: aulize, abishe, anyooshe mkono, ashindane, na ikiwezekana awe wa kwanza. Kwa hiyo mtoto anayepokewa shuleni kama mgeni hubeba maagizo mawili yasiyopatana, na hawezi kulitimiza moja bila kulikosa jingine. Akinyamaza huitwa mzito, akisema huitwa mjuaji. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, alipoandika mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu kati ya mataifa, alisisitiza kwamba ukarimu ni haki wala si hisani, lakini haki aliyoitambua ilikuwa ni ya kuzuru tu, yaani haki ya mtu kutotendewa kama adui anapofika nchi isiyo yake. Haki hiyo inamtosha mfanyabiashara na msafiri. Mtoto wa mhamiaji hakuja kuzuru, na mara nyingi hana kwingine anakokukumbuka.

Maandiko ya Kiyahudi, ambayo Wakristo nao wameyarithi, yanatafuta msingi mwingine. Katika Kutoka, katika Mambo ya Walawi na katika Kumbukumbu la Torati, Waisraeli wanaamriwa wasimwonee mgeni na wampende, na sababu inayotolewa si wema wa mgeni huyo bali historia ya wenyeji wenyewe, kwamba nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Msingi huu waweza kuitwa ukumbusho: aliyewahi kuonewa anajua kuonewa kulivyo, na ujuzi huo unapaswa kumzuia asiwe mwonezi. Marabi wa Talmudi waliona kwamba Torati inalirudia onyo hilo mara 36, na wengine wakahesabu mara 46. Amri inayorudiwa kiasi hicho yaelekea ilikuwa ikivunjwa kiasi hicho.

Mji wa Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, unaonyesha wazi nguvu na udhaifu wa ukumbusho. Viwanda vya pamba vya mji huo, kando ya mto Androscoggin, viliendeshwa kwa mikono ya Wakatoliki waliohamia kutoka Quebec wakizungumza Kifaransa. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilipitisha sheria iliyoagiza kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na kwa miongo kadhaa watoto wa Wafaransa hao wa Kanada waliadhibiwa walipoonekana wakinong'onezana kwa lugha ya mama zao, huku kundi la Ku Klux Klan likiwa na wafuasi wengi jimboni humo katika miaka ya 1920, likiwachukia kwa dini yao na kwa lugha yao. Kuanzia mwaka 2001 wakaanza kufika Wasomali, na baada yao Wasomali wenye asili ya Kibantu. Hawa wa mwisho ni jamii ambayo msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita bila kusimama, kwa kuwa wengi wao ni vizazi vya Wazigua na watu wengine waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania na nchi jirani, wakapelekwa bonde la Juba, wakadharauliwa huko kwa vizazi vingi, wakakimbia vita vya mwaka 1991 hadi kambi za Dadaab na baadaye Kakuma nchini Kenya, ambako Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za shule. Baadhi yao bado wanasema Kizigua.

Mji ambao wakongwe wake walikumbuka adhabu za darasani ungetazamiwa kuwapokea watoto hawa kwa kuwaelewa. Wako waliofanya hivyo, na maelfu waliandamana Januari 2003 kuwaunga mkono majirani wao wapya wakati kikundi kidogo cha wabaguzi wa rangi kilipofanya mkutano mjini humo. Lakini miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2002, meya wa mji, ambaye mwenyewe alikuwa na jina la Kifaransa, aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya ndugu zao kuja, kwa maelezo kwamba mji umeelemewa. Na mwaka 2006 kichwa cha nguruwe kilirushwa ndani ya msikiti wakati wa swala. Kumbukumbu ya mateso huweza kuzaa huruma, na huweza vilevile kuzaa hesabu ya kinyongo: sisi tuliteseka bila kusaidiwa na mtu, nao wateseke. Kwa upande wa meya ni haki kusema kwamba hofu ya mji maskini kuhusu bajeti yake haikuwa ya kubuni, na kwamba watu wazima wana wajibu wa kuijadili. Kosa linaanza pale mjadala huo unaposhuka kutoka ukumbi wa halmashauri hadi basi la shule, na mtoto wa miaka tisa akatakiwa aujibu.

Maisha ya mtoto huyo yana kazi ambayo wenzake hawaijui. Yeye ndiye wa kwanza nyumbani kujifunza Kiingereza, kwa hiyo ndiye anayemsomea mama barua za kodi ya nyumba, ndiye anayemsemea kwa daktari, na ndiye anayeketi kati ya mama na mwalimu siku ya kikao cha wazazi, akitafsiri malalamiko yanayomhusu yeye mwenyewe. Katika kikao cha namna hiyo mtoto huchagua la kusema na la kuacha. Akitafsiri kwamba amepigana, atalazimika kueleza alitukanwa nini, na tusi lenyewe mara nyingi lilimlenga mama aliyeketi pale na baibui lake. Basi hulifupisha, mama hutikisa kichwa, mwalimu huandika kwamba mzazi amearifiwa. Wanafalsafa wa maadili wameandika sana juu ya uongo na ukweli, lakini ni wachache waliowahi kumtazama mtoto anayeficha ukweli katika lugha mbili kwa wakati mmoja ili heshima ya mzazi wake isivunjike mbele ya mwalimu. Ni vigumu kuona kwa kanuni ipi angelaumiwa.

Novemba 2015 timu ya mpira wa miguu ya shule ya sekondari ya Lewiston ilishinda ubingwa wa jimbo kwa bao 1–0 dhidi ya Scarborough, ikiwa na wachezaji wengi waliopitia Somalia, Kenya na Kongo, na mji mzima ukashangilia. Furaha hiyo haipaswi kubezwa. Hata hivyo inafungua mlango wa msingi mwingine unaotolewa kumtetea mtoto wa mhamiaji, nao ni stahili, yaani fikra kwamba nafasi katika jamii ni malipo ya sifa alizozionyesha mtu. Wazazi wahamiaji wenyewe ndio wahubiri wakubwa wa fikra hii. Humwambia mtoto asome mara mbili ya wenzake, asivae ovyo, asijibu matusi, ili siku moja waliomcheka wamheshimu. Mfano unaopendwa msikitini na kanisani ni wa Yusufu, kijana aliyeuzwa na ndugu zake, akafika Misri mtumwa, akatiwa gerezani kwa kusingiziwa, na mwishowe akakabidhiwa hazina ya nchi kwa sababu ya elimu yake na uaminifu wake.

Lakini simulizi ya Biblia haikuishia hapo, na wahubiri wengi huifunga kabla ya ukurasa unaofuata. Kitabu cha Kutoka kinaanza kwa kueleza kwamba alitawala mfalme mpya ambaye hakumjua Yusufu, na watu walewale waliokaribishwa kwa heshima yake wakatiwa utumwani, watoto wao wa kiume wakaamriwa kuuawa. Sifa za Yusufu zililinda kizazi kimoja. Nafasi iliyopatikana kwa stahili hudumu muda ambao wenyeji wanaendelea kuikumbuka stahili hiyo, na humwacha nje mtoto wa kawaida, yule asiyejua kufunga mabao wala kutafsiri ndoto, ambaye hupata alama za wastani, husahau kalamu nyumbani na siku nyingine huwa mvivu. Mtoto wa mwenyeji anaruhusiwa kuwa wa kawaida. Usawa ambao haumruhusu mtoto wa mhamiaji kuwa wa kawaida bado haujawa usawa, na pengine hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote vya kuitazamia shule yoyote.

Ukarimu, ukumbusho na stahili vina dhana moja ya pamoja, nayo haitamkwi: kwamba aliyetangulia ndiye mwenye mali, na aliyefuata hupewa. Dhana hiyo iliwahi kujitokeza katika jamii ya kwanza ya Waislamu, na namna ilivyojibiwa inastahili kutazamwa kwa utulivu. Asma binti Umays alikuwa miongoni mwa Waislamu waliokimbilia Uhabeshi kuepa mateso ya Makka. Huko alijifungua watoto, akiwemo Abdullah bin Jaafar, na hawakurejea hadi mwaka wa saba wa Hijra, wakati wenzao waliohamia Madina walikuwa wamekwisha kujenga dola. Sahihi Bukhari, mkusanyiko wa hadithi, imehifadhi habari kwamba Asma alipokuwa amemtembelea Hafsa, mke wa Mtume, Umar bin al-Khattab, baba yake Hafsa na sahaba mkubwa, aliingia, akamuulizia kwa kumtaja kuwa ni yule wa Uhabeshi, yule wa baharini, kisha akasema kwamba wao wa Madina walitangulia katika hijra na kwa hiyo wana haki zaidi kwa Mtume. Asma hakustahimili kimya. Alikasirika, akamkumbusha kwamba wakati wao walikuwa karibu na Mtume akiwalisha wenye njaa na kuwafundisha wasiojua, wenzao walikuwa katika nchi ya mbali na ya ugeni. Akaapa kutokula wala kunywa hadi shauri lifike kwa Mtume. Hukumu ilikuja kwamba Umar hakuwa na haki zaidi, kwa maana yeye na wenzake walikuwa na hijra moja, na watu wa jahazi walikuwa na hijra mbili.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba kutangulia hakukukubaliwa kuwa hoja, hata kulipodaiwa na mtu wa daraja la Umar. La pili ni kwamba hasira ya Asma haikukemewa. Mafundisho ya subira yanayomiminwa juu ya watoto wanaobaguliwa yangefaidika kwa kuisoma habari hii, kwa sababu subira ni fadhila ya anayeichagua. Inapoagizwa na wale ambao wangeweza kuzuia dhuluma na hawakuizuia, hugeuka kuwa njia ya wao kupata usingizi. Suratul Hujurat, inayonukuliwa sana kuhusu mataifa kuumbwa ili yajuane, aya chache kabla ya hapo inawakataza waumini kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, na katazo hilo linamlenga anayekejeli. Haimwambii anayekejeliwa azoee.

Kwamba kutangulia si kiini cha ubaguzi bali ni kisingizio chake, mwandishi Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois alilionyesha bila kukusudia. Katika kitabu chake cha mwaka 1903 kuhusu roho za watu weusi anaeleza jinsi watoto wa shule huko Massachusetts walivyokuwa wakibadilishana kadi kwa mchezo, hadi msichana mmoja alipoikataa kadi yake kwa kumtupia jicho tu, na hapo Du Bois akatambua kwamba yuko tofauti na wenzake. Msichana yule alikuwa mgeni shuleni. Du Bois ndiye aliyezaliwa hapo.

Msingi unaobaki, basi, ni haki, kwa maana ya kile ambacho mtu anadai bila kuomba na bila kushukuru. Kurani inarudia mahali pengi kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine, na nabii Ezekieli alifundisha kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kanuni hiyo iliingia mahakamani mwaka 1982, pale Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ilipoibatilisha sheria ya Texas ya mwaka 1975 iliyowanyima watoto wasio na vibali elimu ya bure. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba mtoto hana uwezo juu ya mwenendo wa wazazi wake, na kumwadhibu kwa huo ni dhuluma. Hata kama mtu angekubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba kuhama kwa mzazi ni kosa, mtoto angebaki bila deni.

Haki hiyo ipiganiwe na nani? Hannah Arendt, mwanafalsafa Myahudi aliyelelewa Königsberg na baadaye kuwa mkimbizi Ufaransa na Marekani, alisimulia katika mahojiano ya televisheni ya mwaka 1964 utaratibu aliowekewa na mama yake. Mwalimu akitoa maneno ya kuwadhalilisha Wayahudi, Hannah alipaswa kusimama mara moja, kuondoka darasani na kwenda nyumbani kueleza kila kitu, na mama angeandika barua ya rejista kwa wahusika; bali maneno yakitoka kwa watoto wenzake, hakuruhusiwa kuyapeleka nyumbani, alipaswa kujitetea mwenyewe. Ni utaratibu wenye hekima kubwa, kwa kuwa unatenganisha dhuluma ya mamlaka, ambayo mtoto hana silaha dhidi yake, na ugomvi wa rika, ambao humjenga. Pamoja na malezi hayo, Arendt aliandika mwaka 1959 akiwalaumu wazazi weusi wa Little Rock, Arkansas, kwa kuwapeleka watoto wao mwaka 1957 katika shule ya weupe iliyowazomea, akiona kwamba watu wazima wamewatwika watoto vita vyao. Mwandishi Ralph Ellison alimjibu kwamba hakuelewa: wazazi wale walijua fika kwamba mtoto wao atakutana na vitisho hivyo maishani, na walimtaka ajifunze kuikabili hofu bila kuvunjika. Arendt alimwandikia mwaka 1965 akikiri kwamba Ellison yuko sahihi. Kukiri huko kunampa heshima, ila swali lake la awali halikufa. Mtoto anaweza kuwa shujaa, lakini hakuna mtu mzima mwenye haki ya kumhitaji awe shujaa ili shule iende vizuri.

Jambo hili si la Maine na Arkansas tu. Mtoto anayetoka Uvira au Fizi, mashariki mwa Kongo, akaingia shule ya Kigoma, Dar es Salaam au Nairobi, huja akiamini kwamba angalau lugha anayo, kwa maana amekua akisema Kiswahili. Husimama kujibu swali, husema batoto na aksanti, na darasa zima huangua kicheko. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi Waefraimu walivyokamatwa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno moja, wakachinjwa. Kicheko cha darasani hakiui, bali hufanya kazi ileile ya kivuko. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti katikati ya miaka ya 1980 miongoni mwa Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, aliona kwamba waliokaa mjini Kigoma walijitahidi wasitambulike kabisa kuwa wakimbizi, wakichukua utambulisho uliowafaa kadiri ya mahali na wakati. Mtoto aliyechekwa hujifunza ufundi huo mapema: hunyamaza hadi lafudhi iondoke, na shule huandika kwamba amezoea mazingira.

Wasomaji wa Kiswahili wanaoumia wanaposikia mtoto wa Kizigua ametukanwa Marekani wana kesi ya jinsi hiyohiyo karibu nao, na hii iko ndani ya uwezo wao. Mwalimu anayekisikia kicheko hicho na kuendelea kuandika ubaoni ametoa hukumu kwa upande wa aliyetangulia. Wakuu wa shule, walimu wa madrasa na wa shule za Jumapili hawana budi kukikomesha kicheko hicho wao wenyewe, hapohapo na mbele ya darasa, kabla ya kumwita mtoto pembeni na kumwomba awe na subira.